Mwezi usiopanda: siku kwa siku kwenye mawe ya Calanais

Jumamosi, 7 Juni 2025

Njia ya mwezi angani imeinama kwa nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya jua, na mwinamo huo nao unazunguka taratibu. Mzunguko mmoja huchukua miaka 18.6. Unapofika kilele chake, mwezi huenda kusini na kaskazini kupita kawaida, na kwa watu wanaoishi juu kabisa kuelekea ncha ya kaskazini, mwezi mpevu wa Juni haupandi. Unachomoza kusini, unatambaa juu ya vilima saa chache, unazama. Kilele cha safari hii kimeangukia miaka ya 2024 na 2025. Katika kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, kuna mawe ya Calanais, yaliyosimamishwa miaka karibu 5,000 iliyopita, na wapo watafiti wanaoamini kwamba walioyasimamisha walikuwa wakiungoja mwezi huo huo. Ndiyo maana tuko njiani.

Nipo na mjomba, amekuja kunitembelea Glasgow akitokea Tanga. Amekula chumvi ya bahari tangu ujana, na mpaka leo huhesabu siku kwa mwezi kabla ya kutazama kalenda ya ukutani. Nilipomweleza habari ya mwezi usiopanda hakuonyesha mshangao. Aliuliza tu, "Na maji yao siku hiyo yanakuwaje, mwanangu?"

Idi tumeisali jana, leo alfajiri tukaondoka. Perth, Inverness, kisha barabara inayopita katikati ya milima mpaka Ullapool, mji mdogo wa bandari wenye nyumba nyeupe zilizopangana kando ya maji. Feri ya jioni huchukua saa mbili na dakika 45 hivi kuvuka mlango wa bahari wa Minch hadi Stornoway. Abiria wengi walikaa ndani na chakula chao. Mjomba alisimama nje njia nzima, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni, akitazama mikondo. Tulipotia gati ilikuwa usiku kwa saa zetu, lakini nje mtu angeweza kusoma gazeti.

Jumapili, 8 Juni

Stornoway siku ya Jumapili imetulia tuli. Watu wa Lewis ni wa Kanisa Huru la Uskoti kwa wingi, na Sabato wameishika kwa vizazi vingi. Feri ya Jumapili ya kwenda Ullapool ilianza mwaka 2009 tu, baada ya mabishano makali. Uko pia msikiti mdogo uliofunguliwa mwaka 2018. Tulipita karibu na kanisa moja wakati wa zaburi. Hawatumii kinanda. Mmoja anatoa mstari kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji, wengine wanaupokea kila mtu kwa mwendo wake na madoido yake, sauti zinapandana na kushuka pamoja. Mjomba alisimama barabarani mpaka zaburi ikaisha.

Baada ya adhuhuri tukaendesha kwenda magharibi, kama nusu saa. Barabara inakata nyika tupu isiyo na mti. Ardhi yote ni mboji ya kinamasi: majani yaliyolala kwenye maji maelfu ya miaka bila kuoza kabisa, yakawa udongo mweusi mzito. Wenyeji huukata matofali kwa jembe maalumu, huyasimamisha yakauke kwa upepo, na baadaye huyachoma jikoni kama kuni. Msimu wa kukata ndio huu, na kando ya barabara matofali yaliyokatwa karibuni yalikuwa yamesimama kwa mafungu, bado yanang'aa maji. Nayataja kwa sababu mboji hii ndiyo iliyoyatunza mawe tuliyoyafuata.

Kisha ukapanda mwinuko mdogo, ukayaona. Mawe ya Calanais yako juu ya mgongo wa ardhi, ghuba ya Loch Roag chini yake, na hakuna kinachoyaficha. Katikati kuna duara la mawe 13. Kutoka kwenye duara, njia yenye safu mbili za mawe inaelekea kaskazini kwa zaidi ya mita 80, na safu nyingine fupi zinatoka mashariki, magharibi na kusini. Katikati ya duara limesimama jiwe refu kuliko yote, mita 4.8, linalokisiwa kuwa na uzito wa tani 7.

Mjomba alilizunguka hilo la katikati mara kadhaa. Ukilitazama kwa ubapa ni pana, ukienda ubavuni unakuta ni jembamba, kama sentimita 30 tu. "Huu usukani wa jahazi," alisema, akalipima unene kwa shubiri.

Nilikaa na mawe moja moja, kwa sababu picha zote nilizowahi kuziona zinayafanya mawe haya yaonekane ya kijivu, na si kweli. Mwamba ni naisi ya Lewis, miongoni mwa miamba mikongwe kabisa ya Ulaya. Sehemu zake zina umri wa miaka bilioni 3. Ulipondwa na joto chini ya ardhi mpaka ukajikunja, na mikunjo hiyo unaiona wazi: mistari myeupe, ya waridi, ya kijani iliyofifia, inapinda na kurudi. Baadhi ya mawe yana vinundu vyeusi vya madini vinavyokaribia ukubwa wa ngumi. Ukiweka kiganja juu ya kinundu unahisi chembe zake ngumu zinakwaruza, ilhali mstari mweupe ulio pembeni ni laini. Upande unaopigwa na upepo umeota kijimea cha kijivu kirefu kama kidole, kikavu, kinatikisika hata upepo ukiwa mdogo. Hakuna dalili ya patasi. Waliyachagua yalivyo, wakayasimamisha yalivyo.

Ndani ya duara, upande wa mashariki, kuna kaburi dogo la mawe lililobanwa kati ya jiwe kuu na mawe ya pembeni. Liliongezwa baadaye, vizazi kadhaa baada ya duara. Mjomba alisoma dua fupi. Kwao ni jirani na Tongoni, kusini mwa Tanga, kwenye yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15, kwa hiyo kaburi lenye jiwe la kusimama halikumtisha.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba inayokuja kwa ubavu. Tulinunua gambuti mjini.

Hapa nitasema jambo ninaloliamini kwa dhati: anayefika Calanais akalitazama duara kubwa peke yake, akapiga picha akaondoka, hajaiona Calanais. Mawe haya ni mji mzima. Ndani ya kilomita chache kuna maduara mengine na mawe ya pekee mengi, na yaliwekwa mahali yanapoonana. Leo tulishinda kwenye mawili yaliyo karibu, ambayo watafiti wameyapa namba mbili na tatu. Unaacha gari kando ya barabara, unafungua lango la seng'enge, unavuka malisho ya kondoo, matope yanakushika mpaka kwenye vifundo.

Duara la tatu ndilo lililonikaa moyoni. Ni maduara mawili, moja ndani ya jingine. La ndani limebakiwa na mawe manne. Ukisimama katikati yake na kugeukia magharibi, duara kubwa liko pale juu ya mgongo wake, na mawe yake yanajitenga angani kama watu waliosimama kusubiri. Ukigeuka kidogo, duara la pili liko chini yako karibu na maji. Nikamwomba mjomba abaki hapo nami nishuke la pili, tuangalie kama tutaonana. Tulionana vizuri sana. Akapunga kofia. Mtu akiwasha moto kwenye moja ya maduara haya usiku, wa pande zote wataujua.

Wenyeji wa zamani walikuwa na maelezo yao. Katika karne ya 17 John Morisone, mtu wa Lewis, aliandika kwamba mapokeo husema hawa walikuwa watu waliogeuzwa mawe na mchawi. Hadithi nyingine husema ni majitu yaliyokataa Ukristo mbele ya Mtakatifu Kieran. Ipo na ya ng'ombe mweupe aliyetoka baharini mwaka wa njaa, akawaruhusu watu wote wa kijiji kumkamua ndoo moja moja kwenye mawe, mpaka mchawi alipokuja na chekecheke badala ya ndoo. Akakamua bila kujaa mpaka ng'ombe akakauka, akatoweka. Mjomba aliipenda hii ya mwisho, akairudia jioni kwa simu kwa shangazi, naye akataka kujua huyo mchawi alifanywa nini.

Mwaka 1703 Martin Martin, mzaliwa wa Skye, alichapisha maelezo ya visiwa hivi. Wenyeji walimwambia hapa palikuwa mahali pa ibada zama za upagani, na kuhani mkuu alisimama kwenye jiwe la katikati kuwahutubia watu. Jiwe aliloliona Martin halikuwa na urefu tulioukuta sisi, kwa kuwa mboji ilishapanda. Watu wa kale waliacha kutumia mahali hapa, wakulima wa zama zilizofuata wakalivuruga kaburi, hali ya hewa ikawa ya mvua zaidi, na kuanzia miaka kama 3,000 iliyopita kinamasi kikaanza kuyameza mawe toka miguuni. Mwaka 1857 mboji ilipoondolewa, kina chake kilikuwa mita moja na nusu.

Aliyeamuru iondolewe alikuwa Sir James Matheson, aliyekinunua kisiwa kizima mwaka 1844 kwa mali aliyoichuma katika biashara ya Uchina, afyuni ikiwemo. Ndiye huyo huyo ambaye miaka michache kabla ya kufukua mawe, baada ya njaa ya viazi, aliwasafirisha wakaazi zaidi ya 2,000 kwenda Kanada. Nimeona vibao na vitabu vikimshukuru kwa mawe. Mimi nikiwa juu ya malisho yale, nikiyatazama matuta ya mashamba ya zamani ambayo hakuna anayeyalima, niliwafikiria zaidi hao 2,000. Walikuwa na majina ya kila kilima hapa.

Wa kushukuriwa, kwa maoni yangu, ni Margaret Curtis, mwanamke aliyehamia Lewis miaka ya 1970 na kuishi hapa mpaka alipofariki mwaka 2022. Hakuwa na cheo cha chuo kikuu katika akiolojia. Alitembea. Kwa miaka na miaka alitembea kinamasi hiki, akichoma mboji kwa ufito wa chuma kusikiliza mgongano wa jiwe, na pamoja na mume wake wa kwanza, Gerald Ponting, wakarekodi mawe ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Hao ndio waliolishikilia suala la mwezi wakati wengi hawakutaka kulisikia. Uchimbaji wa kitaalamu wa Patrick Ashmore, mwaka 1980 na 1981, ndio uliotupa umri: duara lilisimamishwa kati ya miaka 2900 na 2600 hivi kabla ya Kristo.

Jioni visubi vilitoka kwa mamilioni mara tu upepo ulipokata. Tulikimbilia garini.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi tulikwenda kisiwa cha Great Bernera, kinachounganishwa na Lewis kwa daraja. Juu kabisa ya daraja, kwenye ukingo wa mwamba, kuna mawe yaliyosimamishwa kwa nusu duara tu: upande mmoja mawe, upande wa pili poromoko la kushuka kwenye mlango mwembamba wa bahari. Nimesoma watu wakijadili kama nusu ya pili ilianguka. Mjomba hakuona mjadala. Kwake aliyeyaweka alikuwa anatazama chombo kinapita, na alitaka wenye chombo wamwone.

Saa saba mchana tulirudi ufukweni chini ya Calanais. Maji yalikuwa yametoka mbali. Mwani mweusi umelala juu ya mawe, harufu ya bahari imekolea, ndege wanachokonoa matope. Mjomba alitembea mpaka ukingoni, akachovya mkono, akatazama mstari wa mwani uliobaki juu kabisa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kulowa.

"Bamvua, mwanangu. Bamvua kamili. Mfunguo Tatu uko katikati na mwezi umetimia, maji hayajui hapa ni Uskoti."

Bamvua ndiyo yale maji yanayojaa na kutoka kupita kawaida mwezi unapokuwa mpevu. Akanieleza pale pale kitu ambacho sijakikuta kwenye maandishi yoyote kuhusu mawe haya. Ghuba hii, alisema, ina mawe chini na midomo myembamba. Mtu wa mtumbwi haingii wala hatoki apendavyo. Ni lazima ajue maji, na ajuaye maji amekwisha kuujua mwezi. Kwa hiyo swali la kwamba watu wa kale waliwezaje kuufuatilia mwezi kwa miaka 18 kwake halikuwa na uzito. "Wangeishije bila kuufuatilia?" Mimi nimesoma, yeye amevua, na katika hili namwamini yeye.

Usiku. Jua lilizama baada ya saa nne, na anga ya kaskazini ikabaki na mwanga uliokataa kuondoka. Tulikuwa na blanketi, chupa ya chai ya tangawizi na mkate. Walikuwapo wengine, watu wa kisiwani na wageni, wamesambaa kando ya njia ya mawe wakizungumza kwa sauti ndogo. Mawingu yalifunika kusini mpaka nikaanza kukata tamaa.

Kusini-mashariki kuna safu ya vilima ambavyo ukivitazama kutoka hapa vinachora mwanamke aliyelala chali: uso, kifua, magoti. Wenyeji humwita Bibi Kizee wa kinamasi. Kabla ya saa sita usiku ukingo wa wingu ulianza kuwa mwekundu juu yake, kisha mwezi ukatoka nusu, umepigwa bapa na ukungu, rangi ya embe bivu. Nilitegemea utapanda. Haukupanda. Ulikwenda ubavu, kuelekea kulia, chini chini juu ya mwili wa yule bibi. Wingu likaufunika, ukatoka tena mbele kidogo, kimo kile kile. Karibu saa saba na robo ulifika juu yake kabisa, na juu yake kabisa ilikuwa nyuzi kama 3 tu kutoka upeo. Ukinyoosha mkono, upana wa vidole viwili.

Tukaondoka tulipokuwa, tukaenda mwisho wa kaskazini wa njia ya mawe, maana huko ndiko anakopaswa kuwa mtu anayetaka kuona ulivyopangwa mpango. Kutoka pale njia yote inapanda kuelekea kwenye duara, na mwezi unashuka kuelekea vilima vya Harris nyuma ya mawe. Ulipita nyuma ya jiwe, ukatokea, ukapita nyuma ya jingine. Mtu aliyekuwa amesimama ndani ya duara akawa kivuli cheusi mbele ya mwanga ule, mkubwa kuliko umbo lake, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno. Kisha wingu likaja moja kwa moja na mwezi haukuonekana tena. Kuna wanaosema kwamba mwezi ukishazama nyuma ya vilima hung'aa tena mara ya mwisho kwenye pengo la mwamba, katikati ya duara. Hilo sisi hatukulipata.

Mjomba alisali pale pale kwenye majani, blanketi limekuwa msala. Zamani sana kabla ya dini yoyote tunayoijua, alisema tukirudi garini, watu hawa walijua kwamba mwezi una kawaida na kawaida ina Mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Tulilala mpaka jua liko juu. Mchana nilipanda peke yangu kwenye kilima kilicho jirani, mjomba magoti hayakutaka, mpaka kwenye jiwe la pekee ambalo watafiti wanaliita eneo la kumi na moja. Jiwe moja tu, kinamasi pande zote, ungelipita. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews walitangaza walichokipata hapa walipopima ardhi kwa vifaa vya sumaku: chini ya mboji kuna alama kubwa yenye umbo la nyota, iliyoachwa na radi iliyopiga zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, katikati ya mahali palipokuwa na duara. Radi moja kubwa au nyingi ndogo, pale pale. Haijulikani kama duara lilikuja kwanza au radi, na mimi nina upande wangu: watu waliofuatilia mwezi kwa makini kiasi kile wasingeipuuza radi.

Mahali pengine panapostahili gambuti ni Na Dromannan, duara lililoanguka lote. Wachimbaji waliofanya kazi pale kuanzia mwaka 2003 walikuta mawe hayakuzikwa kwenye mashimo. Yalisimamishwa juu ya mwamba mtupu na kutegemezwa kwa mawe madogo miguuni, hatua chache kutoka genge yalikong'olewa. Kwa hiyo ukikaa hapo unaona kazi nzima: yalipotoka, yalipoburutwa, yaliposimama, yalipolala.

Tukamalizia pwani ya kaskazini-magharibi kwa Clach an Truiseil, jiwe la kusimama refu kuliko yote Uskoti, mita 5.8 juu ya ardhi. Liko nyuma ya nyumba za kijiji, kuta za mawe za mashamba zinalifikia, kamba za nguo za watu ziko karibu. Wenyeji husimulia ni kumbukumbu ya vita kati ya koo za Morrison na Macaulay, ingawa jiwe ni la kale mno kuliko koo zote mbili.

Kwa anayetaka kuja: Calanais usiianze kwa duara kubwa. Njoo na gari lako au la kukodi, mabasi ni machache na Jumapili hayapo. Anza asubuhi na duara la nne, lile la mawe matano lililo kusini kando ya barabara ya kwenda Bernera, kisha la tatu, kisha la pili, uje kwenye kubwa jioni ukiwa umeshaliona kutoka mbali mara tatu. Vaa gambuti, funga kila lango la seng'enge unalolifungua kwa sababu kondoo ni wa watu, na usipande juu ya mawe. Mwezi wa namna hii utarudi kwenye mwaka 2043 hivi. Mjomba ameshaandika mwaka huo kwenye daftari lake, chini ya nyakati za maji alizozipima pale ufukweni.